Likeni za kwenye miti zinaweza kupima hewa ya Moro (Morogoro)? Naingia fildi karibuni, naombeni mawazo

BintiKihonda

Wakuu habari zenu. Niko mwaka wa mwisho chuo hapa Moro nasoma mazingira, kichwa cha utafiti kimeshapita, supavaiza kasaini, sasa kadiri siku za fildi zinavyosogea ndio naanza kuingiwa na mashaka. Iko hivi, kuna zile likeni, yale mabaka ya kijivu na kijani mpauko yanayokaa kwenye magome ya miti, nimesoma kwamba wenzetu Ulaya wanazitumia kupima hewa maana hazina mizizi, maji na virutubisho vyote zinachukua kwenye mvua na hewa inayopita, kwa hiyo hewa ikichafuka zenyewe ndio za kwanza kuumia. Nikasema mbona hata hapa inawezekana.

Mpango ni kuhesabu likeni kwenye miti ya Msamvu karibu na stendi na kando ya barabara kuu ambako malori yanapita usiku na mchana, halafu nalinganisha na kule juu Morningside upande wa milima ya Uluguru hewa ilivyo safi. Nimeshapita kuangalia kwa macho tu, Msamvu unazunguka mti mzima unaona vibaka viwili vitatu, Morningside miti imevaa mpaka matawini na zingine zinaning'inia kama ndevu. Yani jibu naona liko wazi kabisa. Sasa rumeti wangu anasoma misitu kaniambia hiyo kazi wataichana siku ya difensi, nikamuuliza kwa nini akacheka akavuta shuka akalala zake.

Tatizo liko wapi? Na zinahesabiwaje hasa, mabaka, aina, au eneo? Vifaa vyangu ni vya kawaida tu, tepu, simu, na lenzi ya mkono ya kuazima.

Fundi_Magome

Rumeti wako ana roho mbaya ila hajakosea. Mji wa Moro uko kwenye mita 500 hivi kutoka usawa wa bahari, Morningside ni zaidi ya mara mbili ya hapo, na ukishafika kule umeshaanza kuingia njia ya mawingu. Likeni haina uwezo wa kujizuia isikauke, ikipata unyevu inaamka inatengeneza chakula, ukikata inalala, kwa hiyo maisha yake yanaamuliwa na ukungu na umande kabla hata hujafika kwenye moshi wa lori. Hapo hapo Uluguru kuna mtaalamu wa Hungaria anaitwa Tamás Pócs aliwahi kupima uzito wa vimea vyote vinavyoishi juu ya miti, likeni zikiwemo, kazi yake ilitoka 1980. Kwenye msitu mfupi wa juu unaokaa ndani ya mawingu alipata karibu tani 14 za uzito mkavu kwa hekta, kwenye msitu wa chini yake tani 2 na kidogo. Angalia hiyo tofauti. Kule hakuna stendi wala daladala, mlima ni ule ule mmoja, kilichobadilika ni kimo na unyevu. Sasa wewe unaleta Msamvu na Morningside, mtahini atakuuliza swali moja tu: binti, ulipima moshi au ulipima ukungu? Na hutakuwa na pa kutokea.

Dawa yake ni kubaki bondeni. Tafuta miti ya aina moja, unene unaokaribiana, inayopigwa jua sawa sawa, anza kando ya lami halafu ondoka na barabara taratibu kuelekea ndani ambako magari yanapungua lakini kimo ni kile kile. Hii biashara yenyewe ndivyo ilivyoanza, William Nylander 1866 hakulinganisha Paris na milima ya Alps, aliangalia bustani ya Luxembourg akakuta likeni nyingi ambazo sehemu nyingine za Paris hazipo, mji mmoja, mvua ile ile, akasema basi hii ni hewa. Fanya hivyo hivyo, Luxembourg yako itafute ndani ya Moro, kwenye viwanja vya shule au makanisa ya zamani yenye miembe mikubwa.

Pasua_Kichwa

Kumbe siku hizi mtu anavaa joho kwa kuhesabu ukoko wa miti 😂😂 haya bana, nchi hii tutafika

Mzee_wa_Kibosho

Samahanini vijana naingilia. Mimi ni mkulima wa kahawa, kihambani kwangu hivyo vitu vimejaa kwenye mibuni ya zamani na kwenye mparachichi, wengine wanatuambia tuvikwangue kwa kisu maana vinanyonya mti, na kweli ukiangalia mti ulioshikwa sana ndio huo huo unaodhoofu. Nyie mnaosoma mnasemaje, vinaua mti au haviui?

Fundi_Magome

Shikamoo mzee. Haviui. Likeni imekaa juu ya gome tu, haina mdomo wa kuingia ndani kufuata maji ya mti, sio kama ule ukupe wa mparachichi ambao kweli unazamisha mizizi na kunyonya. Unachokiona ni kweli ila kimegeuka: mti ukizeeka au ukiugua unapukutisha majani, jua linafika kwenye shina na matawi, likeni zinapata mwanga zinastawi, kwa hiyo zinafuata udhaifu, haziuleti. Kwangua ukitaka lakini usijeruhi gome ukafungulia magonjwa njia. Pogoa, weka samadi, angalia mizizi.

Halafu mzee umenikumbusha jambo, wewe ukipiga kopa, ile dawa ya shaba, kwa ajili ya chulebuni na kutu ya majani, likeni nazo zinapata dozi hiyo hiyo, na shaba haziipendi. Dada Kihonda andika hiyo: mti wowote ulio ndani ya shamba linalopigwa dawa usiuingize kwenye hesabu, utakuja kusema hewa chafu kumbe ni bomba la mgongoni.

Mzee_wa_Kibosho

Marahaba. Basi kisu nimekiweka.

Mluguru_Utrecht

Nimeona Moro imetajwa nikashindwa kupita kimya. Naishi Uholanzi, nafanya kazi ya miti ya mjini, na likeni ni sehemu ya ajira yangu kwa hiyo yule anayecheka ukoko acheke tu, mshahara unaingia.

Kuna kitu Fundi hajagusa. Dada unafikiria hewa chafu sawasawa na likeni chache. Hiyo ilikuwa kweli Uingereza enzi za makaa ya mawe, adui alikuwa sulfuri dioksaidi, Hawksworth na Rose 1970 wakatengeneza kipimo cha ngazi kwa ajili ya Uingereza na Wales, unaangalia aina zilizopo shinani unakadiria sulfuri iliyoko hewani. Katikati ya miji ilibaki aina moja ngumu, Lecanora conizaeoides, ikatawala kila mahali, na sulfuri ilipopungua ikaanza kupotea yenyewe, yani ilistawi kwenye uchafu ikashindwa kwenye usafi. Ukichukua kipimo kile ukakipeleka Msamvu hakitakuambia kitu, aina sio zile na moshi sio ule. Gari za dizeli zinatoa sana oksaidi za naitrojeni na masizi, juu yake weka vumbi la barabara.

Huku Uholanzi shida ni amonia kutoka kwenye mifugo. Mialoni yenye gome la asidi ilikuwa na likeni zake zinazopenda asidi, amonia ikapandisha pH ya gome, yani asidi ikapungua, zile zikaondoka, zikaja za njano zinazopenda naitrojeni, Xanthoria na wenzake, mti umejaa rangi mpaka mgeni anasema hewa ya hapa safi! Ukihesabu wingi tu unadanganyika. Kwa hiyo kilicho muhimu ni aina gani imekuja na aina gani imeondoka. Na vumbi la barabarani linaweza kufanya mchezo huo huo wa kupandisha pH, kwa hiyo usishangae ukikuta mwembe wa barabarani una likeni nyingi kuliko wa ndani.

Ningekuwa wewe ningesoma kazi za India kabla ya za Ulaya, wao wana joto, vumbi, miembe na pikipiki kama nyumbani. Kule wanaitumia sana Pyxine cocoes, ni ya kitropiki, inavumilia mji, inakaa kwenye miembe, wanachukua vipande wanapima metali nzito zilizonaswa ndani yake.

BintiKihonda

Jamani asanteni sana, nimesoma nimekaa kimya kwanza. Kwa hiyo Morningside naifuta. Mzee wa Kibosho shikamoo, swali lako limenisaidia na mimi.

Sasa mkuu wa Utrecht nimeandika kwenye sura ya kwanza kwamba likeni ni kuvu na mwani wanaoishi pamoja, kuvu anajenga nyumba na mwani anapika kwa jua. Hiyo iko sawa au nayo itachanwa?

Mluguru_Utrecht

Iko sawa kwa kuanzia, ila ongeza kwamba mpishi anaweza kuwa sio mwani wa kijani, likeni nyingine zinatumia sayanobakteria, kama Nostoc, ambao wanakamata naitrojeni ya hewani. Huko milimani kwetu zipo nyingi za Leptogium, nyeusi nyeusi, zikilowa zinavimba kama jeli.

Historia yake tamu. Mswisi Simon Schwendener ndiye alisema 1867 kwamba likeni ni viumbe wawili, wataalamu wa likeni wakamrukia, na mmoja wa waliokataa mpaka mwisho ni huyo huyo Nylander wa bustani ya Paris, aliyeona hewa vizuri akashindwa kuona kilichomo ndani ya likeni. Halafu 2016 Toby Spribille na wenzake wakaleta mengine. Kulikuwa na likeni mbili za kwenye miti huko Montana, Bryoria fremontii ya kahawia na Bryoria tortuosa ya njano yenye sumu, kwa jeni kuvu ni yule yule na mwani ni yule yule, sasa tofauti inatoka wapi? Wakakuta kuna hamira, kuvu wa kundi lingine kabisa, amejificha kwenye ngozi ya juu ya likeni, na kwenye ile ya njano yuko kwa wingi. Magazeti yakaandika likeni zote ni watatu. Mimi sikukubali haraka hivyo, na kweli 2019 ukatoka utafiti uliopima aina 339 kutoka familia 57, hizo hamira zikaonekana kwa wachache tu. Kwa hiyo andika kuvu na mpishi wake, pamoja na wapangaji wengine ambao kazi zao bado zinachunguzwa, mtahini akikubana una majina na miaka.

Mdawida254

Salamu kutoka Taita. Nyinyi mnaongea mambo iko hapa nyuma ya nyumba yetu. Wundanyi kuna kituo cha utafiti cha Chuo Kikuu cha Helsinki, na watu wa likeni kutoka Finland wamekuwa wakifanya kazi kwa hii milima yetu na Kilimanjaro pia. Kuna ile kazi yao ya nyavu, walikuwa na nyavu zimetundikwa msituni za kunasa ukungu, baada ya muda wakapata likeni na vimea vingine vimeshika kwa hizo nyavu, hakuna gome, hakuna mti, plastiki tu na ukungu! Hiyo ndio itakuambia Fundi anasema ukweli kuhusu unyevu.

Kuhusu majina, kitabu iko, Swinscow na Krog walitoa 1988 kuhusu likeni kubwa za Afrika Mashariki, yaani zile za majani na za kuning'inia. Shida ni moja, zile zimeshikamana na gome kabisa kama rangi ya ukuta haziko ndani, na huko mjini hizo ndio nyingi, so hizo utazipatia namba tu, kibandiko A, kibandiko B, na upige picha safi. Nairobi kwa Makumbusho ya Taifa kuna hifadhi ya mimea mikavu, hata Chuo Kikuu cha Dar wako nayo yao, unaweza enda kulinganisha.

Na pia usilazimike kungoja zile zimeota hapo. Njia ingine ni kuhamisha: unatoa vijitawi viko na likeni mahali pasafi, unavifunga kwa vifuko vya wavu, unatundika kando ya barabara na vingine unatundika mbali, baada ya miezi kadhaa unaangalia zimeumia kiasi gani. Kama chuo kina spektrofotomita, mashine ya kupima mwanga unaofyonzwa, unatoa klorofili unapima mwanga kwa nanomita 435 na 415, likeni iko na afya huwa uwiano uko karibu 1.4, ikishuka ujue klorofili inavunjika.

BintiKihonda

Spektrofotomita ipo ila kuipata zamu ni vita 😅. Nadhani nitabaki na kuhesabu. Fundi naomba unielekeze hesabu yenyewe mkuu, pole pole, fanya kama unaongea na mtu wa darasa la saba.

Fundi_Magome

Haya. Wazungu wana mwongozo wao wa mwaka 2014, EN 16413, sio sheria kwetu lakini namna ya kupima unaweza kuiiga. Tengeneza ngazi ya waya au ya kamba, upana sentimita 10, urefu 50, igawe viboksi vitano vya sentimita 10 kwa 10. Unaipachika shinani, chini yake ianze mita moja kutoka ardhini, upande wa kaskazini, kisha mashariki, kusini, magharibi, simu yako ina dira. Kila upande unaandika aina gani ipo kwenye viboksi vingapi. Kwa hiyo aina moja kwa mti mmoja haiwezi kuzidi 20, viboksi vitano mara pande nne. Unajumlisha aina zote unapata thamani ya mti, ukipata wastani wa miti una thamani ya kituo. Mabaka yenyewe usihesabu, baka moja likipasuka yanakuwa manne utahesabu mpaka kesho. Kila kituo kiwe na miti ya kutosha, miti miwili mitatu hiyo ni hadithi sio data.

Mti uliolala sana acha, wenye kidonda acha, na hapa kwetu kuna balaa ambalo huo mwongozo hauna habari nalo: miti ya barabarani inapakwa chokaa. Chokaa inageuza pH ya gome kabisa, na mvua ikinyesha inatiririka, kwa hiyo mti uliopakwa uuruke hata kama chokaa imeishia chini ya ngazi yako, na iliyopigiliwa mabango ya waganga nayo unajua mwenyewe. Mikaratusi inayobambua magome usiguse, likeni haina muda wa kukaa, nyingi zinakua milimita chache tu kwa mwaka. Baki na mwembe. Chukua na kipande kidogo cha gome kila mti, loweka kwenye maji yaliyotoneshwa (distilled) ya maabara, pima pH, hiyo namba itakuokoa pale matokeo yakigoma kueleweka.

Kutambua aina kuna ujanja wa bei rahisi. Kuna majaribio ya kemikali yanayoitwa kwa herufi. La herufi C ni klorini, yani jiki ya kufulia, tone dogo sana kwenye baka halafu unaangalia kama linageuka pinki au nyekundu papo hapo. La herufi K ni potasiamu haidroksaidi ya asilimia 10, omba maabara, vaa glavu. Kuna la P pia ila ile kemikali ni sumu, usihangaike nayo. Na ile tochi ya bluu wanayokagulia noti feki madukani, kama ni ya nanomita 365, mulika Pyxine cocoes gizani inawaka njano. Ukiitumia andika pembeni kwamba umeitumia.

Pasua_Kichwa

Sasa hapo kwenye tochi ya noti mmenipata. Kwa hiyo nikimulika mwembe wa nyumbani usiku nitaona zinawaka?

Fundi_Magome

Ukiwa na aina zenye likeksanthoni, ile kemikali inayowaka, ndani yake ndiyo. Nenda kamulike uweke picha hapa, ukoko huo.

Mluguru_Utrecht

Naongezea moja kwa dada, litakusaidia kwenye utangulizi badala ya kuanza na Ulaya tu. Pwani yetu biashara ya likeni ni ya zamani, karne ya 19 Zanzibar ilikuwa inasafirisha Roccella, zile zinazoning'inia kwenye miti ya pwani, zikaenda kutoa rangi ya zambarau ya nguo mpaka rangi za viwandani zilipoziua soko. Na ile karatasi ya litimasi mliyochovya kwenye asidi na besi sekondari, asili yake ni likeni za kundi hilo.

BintiKihonda

Litimasi?? Na nilipata A ya kemia bila kujua hilo.

Basi mpango mpya ni huu, nisahihisheni: miembe tu, bondeni tu, naanzia barabara kuu naingia ndani kwa vituo vitatu au vinne vya umbali tofauti, ngazi ya viboksi, pH ya gome, na nahesabu magari kila kituo asubuhi na jioni ili nisiseme tu magari mengi. Swali la mwisho, kiangazi au masika? Na sampuli za kwenda kulinganisha nizibebe kwenye nini?

Fundi_Magome

Hapo kwenye kuhesabu magari umefikiri vizuri, wengi wanasahau. Msimu sio tatizo kubwa maana likeni zipo mwaka mzima, ila vituo vyote vifanye ndani ya wiki hizo hizo, na usisome mti uliolowa leo ukalinganisha na uliokauka kesho, zikilowa zinabadilika rangi zinakuwa kijani utadhani ni aina nyingine. Asubuhi umande ukishakauka ndio muda mzuri.

Sampuli weka kwenye bahasha ya khaki, mfuko wa rambo usithubutu, zitaota ukungu. Juu ya bahasha andika mti namba ngapi, upande, tarehe na GPS. Chukua kipande kidogo na gome lake kwa kisu, usivue mti mzima. Kwenye miti ya watu omba mwenyewe, viwanja vya shule ongea na mwalimu mkuu, na kama utashawishika kupanda tena Uluguru kuchukua chochote ndani ya hifadhi, ni lazima upitie TFS (Wakala wa Huduma za Misitu) kwanza upate kibali kwa maandishi.